Wakaamia Ndege

Mwalimu Marsiana aliandikia televisheni michezo mingi ya watoto, lakini ukimuuliza ni upi anaukumbuka, atakutajia ule wa kwanza, uliomfedhehesha mbele ya Ifakara nzima.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, alipokuwa akifundisha Michenga, hukohuko Ifakara. Alishatoa vitabu viwili vyembamba vya watoto, ndipo kituo kimoja kipya cha Dar es Salaam kikamwomba mchezo. Hakuhangaika kutafuta kisa. Utotoni, kila mpunga ulipoanza kuiva, yeye na mama yake, Kristina, walishuka bondeni kuamia ndege. Walikaa juu ya dungu, jukwaa lao la miti, wakipiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo ili kuwafukuza kwelea, ndege wadogo walao nafaka, wasiwamalizie chakula. Hadithi zote alizozijua alizipata huko juu, kinywani mwa mama. Raha iliyoje! Mbu waliwatafuna, uji ulikuwa mwepesi kama maji, na bado angetoa chochote arudi hata kwa siku moja.

Sasa Mama Kristina alikuwa na mtoto wa jicho, na kila mwezi ulimwengu ulizidi kumfifilia.

"Andika upesi, mwanangu," alisema. "Nataka nilione dungu letu kwenye hiyo televisheni kabla sijaingia gizani."

Marsiana akaandika mbio mbio, akayatuma maandishi kwa treni. Lakini mambo ya Dar nayo yana mwendo wake. Kaseti ya mchezo ilipofika, macho ya mama yalikuwa yameshazimika.

Hata hivyo mama alijifunga khanga mpya, akashikwa mkono hadi kwenye banda la video la Telesphory. Watu walijaa mpaka mlangoni, kila mmoja akitaka kuona kazi ya mwalimu wao.

Kioo kikawaka. Watoto wa mjini, viatu vinang'aa, wakajipanga na mabegi yao na kupanda ndege ya maboksi. Eropleni!

Banda likaangua kicheko. "Mwalimu, hiyo inatua Malinyi?" mmoja akapaza sauti.

Marsiana akaelewa papo hapo. Aliandika kwamba watoto wakaamia ndege. Mchapaji wa huko, asiyewahi kufukuza hata shomoro, alidhani huyu wa bara kasahau herufi, akamsaidia: wakahamia ndege. Maji yalishamwagika. Alitamani ardhi impasukie, si kwa ajili ya vicheko, bali kwa ajili ya mama aliyekaa kando yake, uso kauelekeza kwenye kioo asichokiona.

"Wanacheka nini?" mama akauliza. "Dungu limetokea?"

Marsiana akaitazama ile ndege.

"Limetokea, mama. Refu, limeezekwa nyasi. Mpunga umezunguka kote, wa dhahabu."

Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Telesphory akanyoosha mkono taratibu, akapunguza sauti ya injini mpaka ikapotea.

"Na ngazi ipo, shikamoo mama," mtu akasema kutoka nyuma. "Ile ya kufunga kwa kamba."

"Marahaba." Mama akatabasamu. "Na mimi nipo?"

"Upo, mama. Umenipakata, unanisimulia hadithi."

"Mbona siisikii sauti yangu?"

Banda zima likamtazama mwalimu. Marsiana akafuta machozi, akakohoa kidogo, akaanza kusimulia hadithi akiiga sauti ya mama yake.