Kibao cha Mwalimu Verna

Mwalimu Verna Tollefsrud alirudi kutoka kliniki ya mazoezi ya nyonga saa nane mchana, akashuka garini kwa fimbo, akasimama. Ua wake ulikuwa mtupu. Majani mekundu aliyoyaacha makusudi yarundikane kando ya uzio yalikuwa yamezolewa yote. Mifuko kumi na minne ya karatasi ilipangwa barabarani, ikisubiri lori la kesho asubuhi. Mabua makavu ya maua, ambayo nyuki wadogo walikuwa wametaga ndani yake tangu Julai, yalikuwa yamekatwa hadi ardhini.

Mlangoni kulikuwa na bakuli la viazi na nyama ya kusaga, pamoja na kikaratasi: Pona haraka. Wenzako wa kanisani.

Katika mji ule wa jimbo la Iowa, Marekani, ua usiozolewa majani mwezi wa Oktoba una maana moja: mwenye nyumba ni mgonjwa, au amekufa na hajagunduliwa. Watu wema hawaulizi, huja na reki. Na hapo ndipo wema wao unapoharibika, kwa sababu asiyeuliza hamsaidii mtu, anajifurahisha mwenyewe.

Kilichomuuma zaidi ni kibao. Alikuwa amekiandika kwa mkono wake na kukisimamisha penye mabua: WADUDU WAMELALA HAPA. Walikuwa wameking'oa taratibu na kukiegemeza ukutani.

Verna alishika mfuko wa kwanza akaanza kuuburuta kurudi uani. Jirani yake Duane, mwanafunzi wake wa biolojia wa zamani, akatoka mbio.

"Mwalimu, nyonga hiyo. Weka mfuko chini."

"Duane, kibao hukukiona?"

"Nilikiona. Ndiyo maana nikaita watu. Nikawaambia, maskini Mwalimu, wadudu wamemjaa uani na hawezi kuinama."

"Sikuwa naomba msaada. Nilikuwa nawalinda hao wadudu. Malkia wa nyuki-mwitu wanalala chini ya majani mpaka theluji iishe. Nilikufundisha hayo."

"Ulinifundisha, nikapata D."

"Hiyo D nilikupendelea."

Duane alicheka, na alicheka peke yake. Akamnyang'anya mfuko, akaumwaga penye uzio, akafuata mwingine. Walipofika wa tisa, Verna akauliza, "Na mabua mmeyaweka wapi?"

Duane akajikuna shingo. "Niliyasaga kwa ile mashine yangu. Nimekutandazia kwenye mawaridi, yasiumizwe na baridi."

Verna aliinama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akachota konzi ya mabua yaliyosagwa. Vipande vililingana, hakuna kirefu wala kifupi. Kazi ya mtu makini. Humo ndimo walimosagwa nyuki wake wa mwaka ujao.

"Pole, Mwalimu," Duane alisema. "Lakini si ungesema tu?"

"Nimesema miaka thelathini na moja. Darasani, ukiwa umekaa dirishani unatazama nje."

Duane alimaliza mifuko iliyobaki, kisha akamletea kalamu ya wino mzito. Verna alikigeuza kibao, akaandika upande wa pili: MSIGUSE.

"Hiyo sasa," Duane alisema, "hata mimi ningeielewa."

Verna alikipigilia pale pale kilipokuwa, katikati ya tuta la maua ambalo halikuwa tena na kitu cha kugusa.