Aliyembeba Mama Mkwe

Rafiki yangu Wasike alikufa kwa sababu alimbeba mama mkwe wake mgongoni. Nalisema hili mapema, maana hapa Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, bado wapo wanaosema alikufa kwa sababu nyingine, na kila nikiwasikia damu inanichemka.

Mimi ni Yakub, fundi wa breki. Wasike aliingia gereji yetu akiwa tanboi, yaani utingo, wa lori kutoka Kenya. Lori lilikufa injini pale kando ya barabara, mwenye lori akahamishia mzigo kwenye gari jingine, akamwambia Wasike, "Wewe linda hapa, narudi." Mpaka leo tunamsubiri. Wasike akalinda, akachoka kulinda, akashika spana. Miaka ikapita akawa fundi wa springi ambaye madereva wa mpakani Malaba walimtafuta kwa jina. Lile lori lilibaki nyuma ya gereji, magurudumu yamemezwa na nyasi, naye akaliita shamba lake la urithi.

Akamwoa Nanyama, msichana wa Kimasaba aliyekuwa akipika chakula kwenye kibanda jirani na sisi. Mama yake Nanyama, Topista, alikuwa mjane aliyeuza mkaa, na chumba chake kilikuwa humu humu Walukuba, safu chache tu kutoka kwa binti yake. Hapo ndipo vituko vilipoanza.

Kwa sisi tuliokua tukisema Kiswahili nyumbani, mama mkwe ni mama. Unamwamkia, unakaa naye, anakugombeza, maisha yanaendelea. Kwa Wabukusu wa kina Wasike na Wamasaba wa kina Nanyama ni habari nyingine kabisa. Mama mkwe na mkwe wake hawagusani. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, na mkwe akiuona mwili wa mama yule bila nguo, hiyo ni aibu ya kuingia nayo kaburini. Nilimwambia Wasike mara nyingi kwamba huo ni upuuzi. Alicheka tu, akasema, "Yakub, wewe huna adabu, ndiyo maana breki zako zinalia."

Akimwona Topista kwa mbali, alikuwa anaingia mtaroni. Siku moja mama yule alisimama mbele ya gereji kuzungumza na muuza mahindi ya kuchoma, na Wasike akajitupa chini ya lori la mteja. Topista naye anapenda mazungumzo. Jua lilizunguka, mteja akaja kutaka gari lake, nikabaki namdanganya kwamba fundi bado anachunguza ekseli. Tulimcheka juma zima.

Lakini usidhani hawakupendana. Jumapili, Topista akiwa kanisani, Wasike alipanda juu ya paa lake akaziba mabati yaliyovuja. Akipata samaki mzuri ziwani alimtundikia mlangoni, akagonga, akatimua mbio kama mtoto mtukutu. Topista naye kila akitoka kwao Mbale alileta malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, akampa binti yake na kusema, "Mpikie yule mwenye njaa." Jina la Wasike halikuwahi kutoka mdomoni mwake. Waliishi hivyo mpaka mwaka ule Ebola ilipofika kwetu.

Ilianzia kwa dada yake Topista, aliyeishi upande wa viwandani kule Mbale. Aliugua homa, watu wakadhani malaria, akafa hata hajapimwa. Topista na Nanyama walikwenda kumuuguza, na Topista ndiye aliyemwosha maiti. Baada ya mazishi Topista alirudi Jinja kuangalia mkaa wake, Nanyama akabaki kuwatunza watoto wa marehemu.

Jioni moja ya mvua kubwa Wasike alipeleka samaki kwa mama mkwe kama kawaida. Alitundika, akagonga, akaanza kukimbia. Halafu akasikia mtu anaguna ndani. Aliita akiwa nje, akaita tena. Majirani wamejifungia kwa mvua, mabati yanapiga kelele, hakuna anayesikia. Akaingia. Topista alikuwa sakafuni, amejichafua kwa matapishi na kuhara, hawezi hata kuinua kichwa.

Wasike alimsafisha. Alimvalisha nguo kavu, akamfunga mgongoni kwa shuka kama mama anavyofunga mtoto. Mwendesha boda wa kwanza alimwona akaongeza moto, wa pili hivyo hivyo. Akatembea naye kwenye mvua mpaka kituo cha afya, akamlaza kwenye benchi la barazani, akagonga dirisha. Nesi alipotoka, Wasike alikuwa amesimama mbali penye giza. Alisema tu kwamba amemkuta pale, akaondoka.

Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba keshoye mji mzima ulikuwa unasema Ebola imefika Walukuba na kwamba msamaria fulani amemleta yule mama kituoni. Topista alipelekwa Mbale kwenye wodi ya kutengwa. Nanyama na watoto wa marehemu wakazuiwa huko huko, wanapimwa joto kila siku.

Ndipo akaja Isabirye, kijana wa Kisoga aliyekuwa akifanya kazi na watafiti wa afya. Kazi yao ilikuwa kujua ugonjwa umepita wapi, nani amemgusa nani, na kwa nini watu wanafika hospitali wamechelewa. Alikuwa mpole, anauliza vizuri, na alivaa barakoa iliyompa sauti ya mtu mwenye mafua. Alimkuta Wasike gerejini.

"Wewe ni wa familia ya mgonjwa, bwana. Ulimgusa? Ulimbeba? Ulifua nguo zake?"

Wasike aliweka spana chini. "Isabirye, yule ni mama mkwe wangu."

Isabirye aliinamisha macho. "Nisamehe sana, ssebo, bwana wangu. Walinituma kuuliza tu."

Basi, akaondoka. Mtu wa mbali angeuliza tena. Hata mimi ningeuliza tena. Lakini Isabirye naye ana mama mkwe, na kwa Wasoga haya hiyo ni ile ile, kwa hiyo aliona amemtukana mwenzake kwa swali lenyewe. Bado nina hasira naye, ingawa najua hakuwa na ubaya.

Redio ilitangaza siku nzima: aliyembeba mama yule ajitokeze, hatakamatwa, anahitaji kuangaliwa afya yake, na akianza kuugua atibiwe mapema ili apone. Tuliisikia pamoja, mimi na Wasike, tumekaa juu ya tairi. Nilisema huyo msamaria ni mjinga, si ajitokeze tu.

"Labda anaona haya," Wasike akasema.

"Haya ya kuokoa mtu?"

Alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, na mikono tayari ilikuwa safi.

Toka hapo alibadilika. Alileta kikombe chake mwenyewe, chai yangu akaikataa. Nikimpa mkono, anainua kiwiko. Aliacha kulala nyumbani, maana kwetu safu nzima inatumia choo kimoja na bomba moja, na watoto wa majirani wanaingia chumba chochote. Alihamia kwenye kabini ya lile lori bovu, akawa anapika peke yake na kujisaidia kwenye shimo alilochimba huko nyasini. Nilipomuuliza alisema ana kifua, hataki kutuambukiza mafua. Mimi nilinuna. Nilidhani ameanza kuniona mchafu.

Majirani walidhani vingine. Mke yuko Mbale, mume halali nyumbani. Kwa watu wa Walukuba hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Wakasema ana mwanamke kule mtaa wa Mpumudde. Mmoja wao, Docus, mwenye mdomo usiojua kupumzika, akampigia Nanyama simu kumpa habari. Nanyama amefungiwa na watoto wa watu, anaogopa kufa, mama yake yuko wodini, halafu anapewa na hiyo. Alimpigia mumewe akamuuliza, "Unalala wapi?" Wasike akamwambia kazini. Nanyama akakata simu, na hawakuzungumza tena.

Asubuhi moja Wasike hakutoka kwenye kabini. Nilipanda nikachungulia dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili, akanipungia mkono niende mbali. "Usifungue mlango, Yakub. Piga ile namba ya redioni." Niliipiga. Wakaja watu wamevaa mavazi meupe ya kufunika mwili wote, wakamchukua kwenda Mbale. Kwa kumbeba yule mama kwenye mvua hakuwa amechoka hata kidogo. Asubuhi hii alishindwa kushuka ngazi ya lori.

Yaliyotokea wodini alinisimulia Topista mwenyewe, baadaye, akiwa amekaa kwenye benchi letu. Yeye alikuwa amepona, anasubiri majibu ya mwisho aruhusiwe. Manesi ndani ya yale mavazi hawakai muda mrefu, joto linawamaliza. Wakamwomba, kwa kuwa ugonjwa haungemrudia, awasaidie kuwanywesha wagonjwa wapya. Alichukua kikombe cha maji ya chumvi na sukari, akaenda kitanda alichoonyeshwa, akamkuta Wasike.

Wasike alimwona, akageukia ukutani. Hali ile, mtu hawezi kukaa, lakini kugeukia ukutani aliweza. Topista alisimama akilia na kikombe mkononi. Halafu alizunguka akakaa nyuma ya kichwa chake, akapitisha mkono juu ya bega lake, akampa kikombe kwa nyuma ili wasionane. Hivyo ndivyo alivyomnywesha na kumlisha uji mpaka mwisho. Madaktari walijitahidi sana, lakini walisema angekuja siku ya kwanza ya homa. Alikuwa amekaa na homa yake ndani ya lori, akingoja ipite yenyewe.

Alisema neno moja tu kwa mama mkwe wake. "Mama, usiwaambie ni mimi. Watasema nilikuona." Topista akaapa hatasema.

Wasike akafa. Walimzika wale wa mavazi meupe, sisi tumesimama nyuma ya utepe. Nanyama alikuwepo, siku zake za uangalizi zimekwisha. Nilimtazama: jicho kavu, mikono ameikunja kifuani. Kwao mwanamke asiyemlilia mumewe anaiambia dunia nzima alikuwa mume wa namna gani. Mimi nililia kwa niaba ya wote wawili, na nililia nikiwa sijui kitu. Topista alisimama nyuma kabisa, amefunika uso kwa leso.

Ugonjwa ulipotangazwa umekwisha, Isabirye na watafiti wake walirudi. Waliitisha mkutano kwenye ukumbi wa Walukuba, wakaja Waganda, Wasoga, Waacholi wa polisi na magereza, Wakenya wa malori, wote. Isabirye alisema kuna kitu kimoja hawajakielewa. Marehemu Wasike aliambukizwa na nani? Mtu wa nyuma akasema, "Kaulizeni Mpumudde," na watu wakacheka. Walicheka, naapa. Nanyama alikuwa mstari wa mbele, akainamisha kichwa.

Topista akasimama. Alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili alikijua cha kuuzia mkaa tu. Aliniambia baadaye kwamba kwa Kimasaba maneno yale yasingetoka, ulimi ungekataa.

"Mtu ya kunibeba munatafuta yeye siku mingi. Ni Wasike. Mkwe yangu."

Mzee mmoja wa Kimasaba alitoka nje kabisa. Isabirye akashusha kalamu, akafunika macho kwa mkono.

"Mimi nalikuwa chafu, sina nguvu," Topista akaendelea. "Yeye naosha mimi, navalisha mimi. Nafunga macho yake, lakini mutu nafunga macho, naosha mutu namna gani? Aliona. Sasa yeye naogopa aibu yangu, naficha, nalala kwa lori asiue watu. Hapana mwanamke. Hakuna mwanamke ya Mpumudde. Mwanamke ni mimi, mama mzee."

Nanyama alikuwa amegeuka kwenye kiti. Alimtazama mama yake usoni.

"Alikubeba namna gani?" akauliza, polepole.

"Kwa mgongo. Na shuka."

"Njiani alisema nini?"

"Anasema, mama nisamehe. Mvua nanyesha, yeye natembea, nasema mama nisamehe, mama nisamehe. Mpaka kwa kituo."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Sikukuwa na nguvu ya kujibu," Topista akasema.

Ndipo Nanyama alipoanguka chini kati ya viti, akamlilia mumewe kwa jina.