Nzuri Si Jibu

Juzi tumemzika kule Mlali mama mmoja muuza njegere. Nilizoeana naye kwenye benchi la kliniki ya kisukari, maana ugonjwa wetu ulikuwa mmoja. Walimkata mguu, lakini sumu ilikuwa imeshasambaa mwilini. Nimeumia, tena nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Kuna wakati watafiti walituita wagonjwa pale mjini Morogoro tuwasaidie kutunga maswali ya utafiti wao. Wengi wetu tulikuwa tukisubiri soda tu. Yeye, ambaye hata njegere hakuuzii bila kukutania kwanza, akanyoosha mkono. "Wanangu, mkituuliza habari za afya tutawajibu nzuri. Mtu kakuamkia shikamoo, utamwambia mbaya? Hiyo nzuri ni adabu tu, siyo jibu. Tuvueni viatu. Miguu haina adabu." Tulicheka mpaka machozi. Watafiti nao walicheka, kisha wakamsikiliza, na siku zile kila aliyeingia alivuliwa viatu. Mzee mmoja wa Ngerengere alikutwa na kijiwe ndani ya raba, kimeshaanza kumchubua, naye hana habari kwa sababu ya ganzi. Mguu wake ukapona.

Utafiti ukaisha, watafiti wakaenda zao, kliniki ikarudia mwendo wake wa zamani. Mgonjwa akishaombwa akili yake, hiyo akili inabaki wapi wenye magari wakiondoka? Msibani binti wa marehemu alinisimulia. Mama alikwenda kliniki ana kidonda unyayoni, ndani ya soksi. Daktari kijana, mgeni pale, akamwamkia kwa heshima zote na kumuuliza habari. "Nzuri, mwanangu, alhamdulillahi." Akapewa vidonge, akapanda bodaboda kurudi nyumbani. Binti alipokiona kidonda na kumgombeza, mama alisema, "Kaniamkia vizuri vile, ningeanzia wapi kumwonyesha miguu inayonuka?" Wapo walionong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sikubaliani nao. Mama yule alisubiri aulizwe swali alilolitunga mwenyewe.

Tulipotoka makaburini jamaa mmoja akanishika mkono. "Habari za afya, mzee?" Nikajibu nzuri kabla sijafikiri, na kidole changu cha mguu kina ganzi tangu mwezi wa mfungo. Nilikaa kando ya njia nikavua kiatu, nikaogopa kutazama. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mwenye sukari, muulize habari. Akishakujibu nzuri, piga magoti umvue viatu.