Aliyepiga Kasia Badala Yangu

Hii sikuambiwa na mtu. Mimi mwenyewe, kwa macho haya, nilijiona nikiwa ndani ya mashua na huku nimesimama ukingoni. Cheka ukitaka. Walionicheka ni wengi na bado naisimulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye shamba moja la chai upande wa Kericho. Mzee Wafula alikuwa mtu wa Busia, amekulia ziwani, akaja kwetu kuchochea moto wa boila kiwandani mpaka akastaafu. Macho yakaanza kumwisha, lakini uvuvi hakuacha. Alijipigilia mashua ya mbao, akaiziba kwa lami, akawa anavua kwenye bwawa la shamba. Kwetu Wakipsigis siku hizo samaki hakuwa chakula cha maana. Mama yangu alimwita samaki nyoka wa maji. Mimi nilimpenda tu huyo mzee, basi.

Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma yake, kupiga kasia, kuchota maji yaliyovuja na kuwa macho yake. Kila mara aliuliza, "Uko?" Nami nijibu, "Niko, mzee," kisha nimwambie ninachoona: matete yako kushoto, mawingu yanakuja. Nikichelewa kujibu, aliacha ndoano akashika mbao kwa mikono yote miwili. Maskini, hakujua tena nchi kavu iko upande gani.

Sasa Jumamosi moja tulikuwa na mechi na vijana wa shamba jirani. Nilikuwa nimemwahidi mzee tukutane bwawani saa nane. Nikajiambia, aah, akiona sijafika atarudi nyumbani. Ujinga gani huo? Akiona na macho gani? Kipindi cha pili ukungu ukashuka, mvua ya mawe ikamwagika, mechi ikavunjika. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee! Nikakata mbio katikati ya michai, na jezi yangu imelowa chapachapa.

Mashua ilikuwa katikati ya bwawa.

"Uko?" mzee aliita.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikamjibu, "Niko, mzee. Tunakaribia, usiogope."

Haki ya Mungu, ilikuwa sauti yangu. Ukungu ukaachana kidogo nikamwona mwenye sauti, amekaa nyuma ya mzee: koti langu la manjano nililoliacha nyumbani kwenye msumari, mabega yangu, uso wangu. Anapiga kasia bila haraka, mawe ya mvua yakimwangukia kichwani na hata hapepesi macho. Unafikiri nilitoroka? Nilibaki pale pale ukingoni. Tena haikuwa woga hasa. Nilitamani kuvua kofia, na sikuwa na kofia.

Mashua ikagusa matope. Nikamshika mzee mkono kumshusha. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Maji yote ya mashuani yalikuwa yamechotwa, hata tone hakuna.

"Leo umefanya vizuri, kijana wangu," akasema. "Hata hukunung'unika."

Nikashindwa kumdanganya. "Mzee, si mimi niliyekuwa na wewe. Mimi nilikuwa mpirani."

Akanipapasa uso kwa vidole vyake, polepole, shavu hili na lile. Nilidhani atatetemeka.

"Basi yeye alikuja," akasema. "Wewe hukuja."

Tangu siku hiyo sikukosa hata mara moja. Mechi niliacha kabisa. Lakini mara nyingi tukiwa majini mzee aligeuza kichwa, akasikiliza nyuma yangu, na niliona wivu, nakuambia ukweli, wivu wa kitu nisichokijua jina.

Alipougua nilikaa kando ya kitanda chake nimemshika mkono. Akauliza yule mwingine yuko wapi. Nikamwambia hayuko, niko mimi.

"Sawa, kaa," akasema. "Lakini yeye, hata nisipomwita, anakuja."

Akafa kabla ya jua kutua.

Wewe unayenisikiliza, kama kuna mzee anakungoja saa hii, inuka uende. Usipoenda wewe, mwingine ataenda, na atafanya vizuri kukushinda.