Glasi Tatu za Soda

Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese yanayochemka na soda ya sabuni, ile kali inayounguza ngozi, mabega yangu hushtuka yenyewe, kana kwamba Baba amesimama nyuma yangu. Acheni niwaungamie jambo, maana aibu yenyewe imeshazeeka.

Enzi zile za chama kimoja, sabuni ya dukani iliadimika mjini kwetu Kindu, nasi wa mtaa wa Alunguli tulijipikia. Mama alipima kwa macho na mazoea, jambo lililoniudhi mno, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusoma kemia, au shimi kama tulivyoiita. Mwalimu alikuwa ametuandikia ubaoni jinsi sabuni inavyopatikana: mafuta moja, soda tatu. Fomule haidanganyi, alisema. Akili nyingi huondoa maarifa, na mimi siku hizo nilikuwa na akili nyingi kupita kiasi. Mama alipokwenda matanga na kuniachia sufuria, nilipima kisomi: glasi moja ya mawese, glasi tatu za soda.

Sabuni ilitoka nyeupe, ngumu, ya kujivunia. Kwa majivuno hayo nikaloweka abakosti ya Baba, lile koti la sufi la kuvaliwa bila tai ambalo serikali ilimtaka kila mtumishi awe nalo. Baba alikuwa karani wa reli, na alikuwa nalo moja tu. Kesho yake mkubwa wa chama angeshuka na treni. Karani ambaye angempokea bila abakosti angeweza kupoteza kazi.

Jioni Baba akauliza, "Koti yangu iko wapi?"

"Njo hii, Baba," nikajibu, nikaliinua kwa kijiti. Koti likaja. Mkono mmoja ukabaki ndani ya beseni.

Baba aliutazama ule mkono, akanitazama mimi. Nikangoja fimbo.

"Leta blanketi," akasema. "Niko na malaria."

Alilala siku mbili, amejifunika gubigubi kwenye joto letu lile, akitokwa jasho la kweli hata karani mwenzake aliyetumwa kumkagua akamwonea huruma. Nami, mjinga mimi, nilipiga magoti kumwombea apone.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba ile tatu huhesabu chembe, si glasi, na kwamba chembe moja ya mafuta ina uzito wa chembe ishirini hivi za soda; soda yote iliyozidi ndiyo iliyoila ile sufi. Niliporudi likizo kutoka chuo nikamweleza Baba hesabu nzima. Kisha nikamuuliza kwa nini hakunichapa, na kazi yake nusura imponyoke kwa ajili yangu.

"Koti ilikuwa imeshakufa," akasema. "Ningekupiga, ungeiacha na shimi."