Nilimwambia Mama Mkwe Aache Kwanza Vidonge vya Presha

Admin, jina langu lifiche, hata shule ninayofundisha usiitaje. Mume wangu anausoma ukurasa huu.

Nina miaka 36, ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wawili, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Mimi ni Mhaya, nimeolewa na Msukuma. Wakati ndugu zake wanasema Wahaya tuna maringo, aliyenitetea ni mama mkwe wangu. Alisema, "Huyu ni binti yangu, atakayemgusa amenigusa mimi." Baba mkwe alipofariki, nikaomba mwenyewe mama aje tukae naye.

Mimi nina tatizo la moyo kwenda mbio. Wakija wakaguzi darasani, jasho linanitoka na mikono inatetemeka. Mwalimu mwenzangu akaniuzia kopo la unga wa ketoni. Alinieleza kuwa ketoni ni kitu ambacho mwili hujitengenezea mtu akifunga muda mrefu, na siku hizi watu wanakikoroga kwenye maji wanakunywa. Akasema kinatuliza moyo na presha mtu akipata msongo wa mawazo. Nikanywa. Wakaguzi walipokuja tena nilifundisha kipindi kizima bila kutetemeka. Sijui ni ule unga au ni imani yangu tu, ila niliamini kabisa.

Mama ana presha ya kupanda, ana vidonge vya kila siku. Alikuwa anavilalamikia kwamba vinamletea kizunguzungu. Nikaanza kumkorogea ule unga kila asubuhi. Wiki ya pili akaniuliza, "Mwanangu, sasa na hivi vidonge niendelee navyo?"

Nikamjibu, "Viache kwanza kidogo, mama, tuone."

Ndugu zangu, hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Hata yule mwalimu hakuniambia hivyo. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Mama akaniamini kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba, na baba watoto hatukumwambia.

Kama mwezi baadaye, Jumapili baada ya chakula, shemeji yangu mdogo alikuja kuzungumza habari ya shamba la marehemu baba yao. Alitaka akatiwe sehemu yake ajenge. Mume wangu akakataa, sauti zikapanda. Mama akasimama kuwaamulia, "Wanangu, baba yenu hata hajaoza..." Hakumaliza. Mdomo ukaenda upande, akaanguka kati ya meza na kochi.

Hospitali wakasema ni kiharusi. Daktari akauliza, "Dawa zake za presha alikuwa anakunywa?"

Mume wangu akajibu haraka, "Kila siku, daktari. Mke wangu ndiye anamsimamia."

Daktari akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Niliporudi nyumbani kumchukulia nguo, nikakuta vile vidonge chini ya godoro lake, karatasi nzima nzima. Nikavitumbukiza chooni pamoja na lile kopo.

Mama amerudi nyumbani, dawa zake anakunywa, lakini upande wa kulia umekufa na maneno yanatoka kwa shida. Mume wangu amemtangazia mdogo wake, "Wewe ndiye umempasua mama kichwa kwa tamaa yako. Usikanyage kwangu." Shemeji anakuja na matunda, anasimama getini, nayapokea mimi. Juzi aliniambia huku analia, "Shemeji, nisaidie kumuombea msamaha kaka. Sikujua mama ataanguka." Nikashindwa hata kumtazama usoni.

Nimemuuliza daktari mwingine bila kumtajia mtu. Akasema habari za ketoni na presha wataalamu bado wanazichunguza, na hata kama zina faida, si mbadala wa dawa. Akaongeza kuwa kuacha dawa za presha ghafla ni hatari. Ugomvi huenda ulichangia, lakini mimi ndiye niliyemwondolea mama kinga yake.

Jumanne, tukiwa wawili tu, nilikuwa namlisha uji. Nikashindwa kujizuia, nikapiga magoti, nikamwambia, "Mama, ni mimi. Nisamehe." Akanyanyua mkono wa kushoto, akaniwekea kichwani, akahangaika na mdomo mpaka likatoka neno moja: "Nyamaza."

Tangu siku hiyo sijui alimaanisha nini. Alikuwa ananibembeleza nisilie, au ananiambia nisimwambie mtu?

Jumamosi hii wazee wa ukoo wanakuja. Wanataka kumnyima shemeji lile shamba na kumtenga, kwamba amemwangusha mama yake. Nikisema ukweli, namjua mume wangu, ndoa sina tena. Nikikaa kimya, kijana wa watu anabeba dhambi yangu maisha yake yote, na mama anatazama tu.

Nitukaneni, ninastahili, lakini mkimaliza mnishauri. Nifanye nini kabla ya Jumamosi?