Njia ya Kisu cha Gandolfo

Kila asubuhi ya kiangazi, Mzee Gandolfo huchanja gome la mti mmoja wa mana, hutazama utomvu mtamu, ambao ukikauka ndiyo mana yenyewe, ukianza kudondoka, kisha hufuta kisu kwa kitambaa kilicholowa spiriti. Ndipo huuendea mti wa pili.

"Daktari Gandolfo!" Rosolino, jirani yake, alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta wa mawe. "Mgonjwa wa leo ana homa?"

"Homa unayo wewe, ya uvivu. Jua lote hili ndiyo kwanza unaamka?"

Agnese alicheka huku ameinamisha uso. Alikuwa mjukuu wa mzee, akisomea mimea chuoni Palermo, na kwa wiki nzima alikuwa na swali moja ambalo hajaliuliza. Daftarini alikuwa amechora shamba: mti ulio hai duara, kisiki cha mti uliokufa kwa ugonjwa msalaba. Misalaba kumi na minane. Ilianzia langoni, ikapinda kisimani, ikapanda hadi karibu na mti mkubwa uliopandwa na baba yake Gandolfo. Hapo ikakoma.

Sasa mti huo nao ulikuwa na uvimbe kwenye tawi, pale ulipochubuliwa na mvua ya mawe ya Aprili.

"Babu, hili si kovu tu?"

"Kovu zuri hujifunga, likawa laini. Hili limevimba na kupasuka kama mkate uliozidishiwa hamira. Hebu kwaruza."

Agnese alikwaruza kwa ukucha akitarajia ubichi wa kijani. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia.

Mzee alichukua msumeno. Ugonjwa ungefika shinani, mti wa baba yake ungekuwa kisiki. Aliufuta kwa spiriti, akakata tawi shubiri moja chini ya uvimbe. Doa la kahawia bado lilikuwepo. Akafuta, akakata chini zaidi. Bado. Mara ya tatu pale alipokata palikuwa peupe pote, bila doa.

"Tia matawi guniani," alisema, akiketi ghafla. "Tutayachoma mvua zikianza, tusije tukaunguza mlima. Na mti huu mwaka huu hauchanjwi."

Agnese alimfungulia daftari mapajani.

"Babu, ulijuaje kwamba ni kisu chako kilichoeneza ugonjwa?"

Gandolfo alifuata misalaba kwa kidole, kutoka langoni hadi kisimani, na kupanda juu.

"Niliona ugonjwa unapita ninapopita mimi."